FIRIGISI NI YA NANI?
Safari ya Mafia, na fungu la mtoto katika chakula cha kwao

Mtu aendaye Mafia kutoka Dar es Salaam ana njia mbili. Mwenye haraka na fedha hupanda ndege ndogo, na kabla ya saa moja kwisha hushuka Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa. Sisi wengine hushika barabara ya kusini, tukapita Mkuranga na kuingia wilaya ya Kibiti, kisha tukaiacha barabara kuu na kuteremka hadi Nyamisati, ukingoni mwa delta ya mto Rufiji. Hapo safari ya gari imekwisha. Chombo hupita polepole kati ya misitu ya mikoko, katika maji yenye rangi ya udongo, hata mto ufunguke na mawimbi ya bahari yaanze kukitikisa. Ndipo wenye matumbo mepesi hunyamaza, na wenye mazoea hufungua vikapu vyao wakala.

Katika vikapu hivyo niliona jambo lililonifuata kisiwani kote. Wazee walitoa muhogo wa kuchemsha na samaki wa kukaanga, wakala kwa furaha mpaka wakalamba vidole. Watoto wao, waliokaa nao ubao mmoja, walipewa biskuti za paketi na soda nyekundu. Mtoto mmoja wa miaka kama minne alinyoosha mkono kuelekea kichwa cha samaki. Mama yake akaurudisha mkono ule, akasema, “Acha, mwanangu, hicho cha babu. Wewe kula biskuti yako.”

Ndugu msomaji, neno hilo lilisemwa kwa upendo, wala hakuna aliyelishangaa. Lakini akina mama wengi huko vijijini kwetu hulalamika wakisema, “Mtoto wangu hataki dagaa, hataki maini, hataki kisamvu, anataka vya dukani tu.” Basi nilipofika Mafia nikaona vema kuuliza: Je, mtoto huyu alivikataa mwenyewe, au sisi ndio tuliomwambia kwamba si vyake?

KISIWA NA KITOWEO CHAKE

Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani. Kisiwa kikubwa kina urefu wa yapata kilometa 50, na karibu yake vimelala visiwa vidogo vya Chole, Juani, Jibondo, Bwejuu na vinginevyo. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilionyesha wakazi 46,438 katika wilaya nzima, na tangu hapo wameongezeka. Walio wengi ni Waislamu, na wengi ni wakulima na wavuvi kwa pamoja: asubuhi jembe, usiku wavu.

Wageni wa ng'ambo huijua Mafia kwa ajili ya bahari yake. Mwaka 1995 serikali ilianzisha huko Hifadhi ya Bahari, ya kwanza katika Tanzania, yenye eneo la kilometa za mraba 822. Wengine huja kumtazama papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye huonekana karibu na Kilindoni katika miezi ya kaskazi. Ni mpole, wala hana haja na watu. Mimi sikwenda kutazama potwe, nilikwenda kutazama chungu.

Na chungu cha Mafia, kikijaa, ni chungu cha baraka. Kuna muhogo na majani yake, yaani kisamvu. Kuna mchele, kunde, viazi vitamu, maembe na korosho. Minazi imesimama kila upande. Mingi ilipandwa katika mashamba makubwa ya karne ya 19, kwa jasho la watumwa, na hata leo wali usiotiwa tui huonekana kama wali wa mgonjwa. Chini ya minazi hiyo ng'ombe hula majani. Tena kuna bahari: changu, tasi, kibua, ngisi, pweza na dagaa.

Kila kitu kina majira yake. Kusi ikivuma kwa nguvu mashua nyingi hukaa pwani, na kitoweo huwa haba. Siku za bamvua, bahari inapokupwa mbali, wanawake hutoka kwa miguu kwenye miamba, fimbo mkononi, kutafuta pweza. Zamani pweza huyo alikwenda moja kwa moja jikoni. Siku hizi mnunuzi humngoja ufukweni na mizani yake, na pweza wa Mafia husafirishwa hata ng'ambo. Fedha hiyo ina faida, maana hununua madaftari na sare za shule. Lakini mzee mmoja wa pwani aliniambia, “Pweza anaondoka na mzani, biskuti inarudi na mzani. Ukipima utaona ipi nzito.” Nikacheka, kisha nikaona si la kucheka.

HABARI YA DAMU

Kwa nini tujali? Kwa sababu watoto wetu wana upungufu wa damu. Uchunguzi mkubwa wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wenye umri wa miezi 6 mpaka 59, watoto 59 walikuwa na upungufu huo. Tena watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani kimo chao hakikulingana na umri. Hesabu hizo ni za nchi nzima, bara na visiwani.

Mtoto mwenye upungufu wa damu hatambuliki upesi. Huenda amenenepa mashavu. Lakini viganja vyake na ndani ya kope zake pamepauka, huchoka kabla ya wenzake, husinzia darasani, nasi tunamwita mvivu. Sababu ni nyingi: malaria, minyoo, na chakula kisicho na madini ya chuma ya kutosha. Kwa hiyo chandarua na dawa ya minyoo ni vya lazima, wala maini pekee hayatamponya mtoto anayeumwa na mbu kila usiku. Lakini dawa nazo hazitengenezi damu ikiwa chakula hakileti vitu vya kuitengenezea.

Hapa ndipo maini, moyo, figo, bandama na firigisi vinapoingia. Wazee wetu walijua jambo hili kwa mazoea, na waganga wa vitabuni wakalijua baadaye kwa majaribio. Huko Marekani, daktari aitwaye George Whipple aliwapunguza mbwa damu, kisha akawalisha vyakula mbalimbali ili aone kipi hurudisha damu upesi. Maini yalikuwa na nguvu ya pekee. Mwaka 1926 madaktari wawili wa mji wa Boston, George Minot na William Murphy, walitangaza habari za wagonjwa 45 wa aina moja ya upungufu wa damu ambayo siku zile ilikuwa ikiua. Waliwalisha maini kila siku, na wagonjwa wakainuka kitandani. Mwaka 1934 madaktari wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel. Baadaye, mwaka 1948, ilitambulikana kilichomo katika maini kilichowaponya: ni kile kinachoitwa vitamini B12.

Ugonjwa ule wa Boston si huu wa watoto wetu walio wengi. Lakini katika maini yale yale kuna madini ya chuma ambayo mwili huyapokea kwa urahisi kuliko ya majani, na kuna vitamini A kwa wingi, ile inayolinda macho na kumsaidia mtoto kushindana na maradhi. Ndiyo hiyo ambayo watoto wetu hupewa matone yake kliniki mara mbili kwa mwaka.

Pengine utasema, “Maini ni ya mjini, kwetu ng'ombe huchinjwa kwa nadra.” Ni kweli. Basi nenda ufukweni Mafia asubuhi, ukaone fungu la maskini.

DAGAA HULIWA MZIMA

Usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, utaona taa zimejipanga baharini kama mji mwingine. Ni wavuvi wa dagaa. Dagaa hufuata mwanga, nao wavu huzungushwa. Kunapopambazuka mashua hurudi, dagaa huchemshwa au huanikwa, na wengi wao hupelekwa bara.

Samaki mkubwa hutolewa matumbo, hukatwa kichwa, na mifupa yake hutupwa. Dagaa huliwa mzima. Mwenye kula dagaa amekula kichwa, macho, mifupa na ini lake, vyote kwa tonge moja. Katika mifupa hiyo laini mna chokaa ya kujenga meno na mifupa ya mtoto. Katika macho na ini mna vitamini A. Katika nyama mna chuma. Kwa hiyo mtu asemaye, “Leo hatuna kitoweo, tuna dagaa tu,” amelikosea adabu sahani lake. Neno hilo “tu” ndilo linalomfundisha mtoto kudharau. Mtoto hana habari ya vitamini. Yeye hutazama uso wa mama anapofunua chungu.

Katika nyumba moja niliyokaribishwa, Bibi wa nyumba alikuwa akitwanga dagaa wakavu kinuni.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, baba. Karibu, keti hapo penye kivuli.”

“Mbona unawatwanga? Hawa si wa mchuzi?”

“Wa mchuzi wako kule. Hawa wa mjukuu. Yeye akiona jicho la dagaa hulia, anasema linamtazama. Basi mimi nalisaga, nalitia katika kisamvu na tui, analila lote. Jicho halimwoni tena.”

Mama wa mtoto akacheka, akaniambia kwamba kwanza alikuwa akimlazimisha kwa kiboko, na mtoto akawa hutapika. “Sasa namwachia mama,” akasema. “Yeye hasemi neno. Anaweka chakula, anakaa naye, anakula.”

KUKU WA MGENI

Katika nyumba ile ile walinichinjia kuku. Ndugu msomaji anajua heshima hiyo na mambo yake. Katika sehemu nyingi za nchi yetu, pwani na bara, kuku ana ramani yake kama shamba: kipande hiki cha mgeni, hiki cha mama, hiki cha watoto, na firigisi ni ya baba. Mtoto akila firigisi ya baba, hata kama baba yuko safarini, patakuwa na kesi. Kuna nyumba ambazo mke humkaangia mumewe firigisi na ini pembeni, akamngoja nazo mpaka usiku, hali watoto wamelala kwa mchuzi.

Sisemi vibaya juu ya heshima. Baba anayerudi kutoka kazini amechoka, naye anastahili kutukuzwa nyumbani mwake. Kugawana chakula ndivyo watu wetu wanavyooneshana pendo na cheo. Mwingereza mmoja, Bibi Pat Caplan, mtaalamu wa maisha ya jamii, alifika kaskazini mwa Mafia mwaka 1965, akarudi tena na tena kwa miaka mingi, na chakula ni mojawapo ya mambo aliyoyaandikia sana. Hakukosea. Anayetaka kuijua nyumba na atazame mkono unaogawa.

Sahani ilipoletwa, firigisi na ini vilikuwa juu ya wali wangu, maana mimi nilikuwa mgeni. Watoto watatu walikaa upande wa pili wa mkeka, na macho yao yalikuwa hayako kwenye sahani yao. Nikataka kugawa, lakini niliogopa kumvunjia mwenyeji heshima. Mwenyewe akaona. Alikuwa mtu mzima, mvuvi, mwenye mikono migumu kwa kamba.

“Ndugu mgeni,” akasema, “hiyo ni yako, nami siichukui. Lakini nikikuomba uigawe, utakasirika?”

“Sikasiriki hata kidogo, bwana.”

“Basi igawe. Mimi nilikula firigisi tangu nilipooa. Kabla ya hapo niliinusa tu. Mwaka juzi mwanangu huyu wa kati alilazwa hospitali, akaongezewa damu. Daktari akaniuliza, Huyu hula nini? Nikataja. Akaniuliza tena, Na wewe hula nini? Nikataja. Nikajiona nimetaja nyumba mbili mbalimbali.”

Pakawa kimya. Nikaikata firigisi vipande vitatu, na ini vivyo hivyo, nikaviweka katika sinia yao. Mkubwa alikula bila kutafuna sawasawa, kana kwamba huenda amri ikabadilika. Yule wa kati akala taratibu. Mdogo akatia ini mdomoni, akakunja uso, akalitema mkononi, akalitazama.

Mama yake akataka kumkemea. Bibi akasema, “Mwache. Hajalijua. Kesho kutwa atalijua.”

Bibi yule hakusoma kitabu cha lishe, lakini wataalamu wanasema kama yeye. Mtoto mdogo akipewa chakula kigeni hukikataa kwa kawaida. Ndivyo alivyoumbwa, asije akala sumu. Huenda ikatakiwa aonjeshwe mara nane, kumi au zaidi, kidogo kidogo, pasipo ugomvi, ndipo akizoee. Mama anayeacha baada ya mara ya pili, akasema “hapendi,” ameacha njiani.

SI KILA CHA KALE NI CHAKULA

Hapa lazima nitoe onyo, maana wako watu wanaosikia neno “cha asili” wakadhani kila walichokula wazee ni salama kwa mtoto. Sivyo.

Katika fukwe za Mafia na visiwa vyake kasa hupanda kutaga mayai. Kasa analindwa na sheria, na kumvua ni kosa. Lakini liko jambo lingine zaidi ya sheria. Nyama ya kasa mara nyingine huwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa wala kwa kukaushwa, na dawa ya kuitangua haipo. Huwezi kuitambua kwa macho, kwa harufu wala kwa ladha. Watu walikula juzi wasidhurike. Leo wanakula wakafa. Mwezi Novemba 2021, katika kisiwa cha Pemba, watu saba walikufa baada ya kula kasa, na mmoja wao alikuwa mtoto wa miaka mitatu. Mwezi Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko huko Pemba, walikufa watoto wanane na mtu mzima mmoja, na wengine wengi wakalazwa hospitali. Tazama hesabu hiyo: watoto wanane, mtu mzima mmoja. Sumu huushinda mwili mdogo kwanza. Hata mtoto anyonyaye anaweza kudhurika kwa maziwa ya mama aliyekula.

Yuko pia bunju, samaki anayejivimbisha kama mpira. Ini lake, mayai yake na ngozi yake vina sumu kali isiyoshindwa na moto. Nalo ini la papa mkubwa lisiliwe. Wazee walilikamua mafuta yaitwayo sifa, wakayapaka mbao za vyombo vyao yasipenye maji. Sifa ni ya chombo, si ya tumbo la mtoto.

Na maini ya ng'ombe au mbuzi nayo yana masharti. Yanunuliwe kwa nyama iliyokaguliwa na bwana mifugo. Ini lenye minyoo, malengelenge au uvimbe litupwe shimoni na kufukiwa, wala asipewe mbwa, maana mbwa huweza kuwarudishia watu maradhi hayo. Yapikwe mpaka ndani pasiwe pekundu.

Tena maini ni chakula chenye nguvu, kwa hiyo mtoto mdogo apewe kidogo. Kipande kama kiberiti kimoja, mara moja kwa juma, chamtosha. Vitamini A ikizidi mno hudhuru, na kwa sababu hiyo mama mwenye mimba asile maini kila siku, bali aulize kliniki.

NAMNA YA KUMZOESHA MTOTO

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Nimekusanya hapa niliyoyaona Mafia na yale wanayofundisha wauguzi wetu.

Kwanza, anza mapema. Mtoto akitimiza miezi sita, pamoja na maziwa ya mama, anaweza kupewa maini yaliyoiva sana na kupondwa laini, kiasi cha kijiko kidogo, ndani ya uji au viazi. Dagaa wa kutwangwa, waliochekechwa vizuri, nao wafaa. Mtoto aliyeanza hivyo hatauliza baadaye, “Hiki ni nini?”

Pili, kula pamoja naye chakula kile kile. Mtoto haamini maneno, huamini mdomo unaotafuna. Baba akisema, “Kula dagaa, ni wazuri,” huku yeye anakula nyama, amejikanusha mwenyewe.

Tatu, usimpige wala usimhonge. Ukisema, “Maliza maini nikupe biskuti,” umemfundisha kwamba maini ni adhabu na biskuti ni tuzo.

Nne, usimpe chai pamoja na chakula. Katika nyumba nyingi mtoto hula muhogo na samaki akishushia chai ya rangi. Chai huzuia chuma kuingia mwilini. Mpe maji, na baada ya chakula mpe embe, chungwa, papai au tone la ndimu juu ya mboga, maana matunda hayo husaidia chuma kuingia.

Tano, usingoje maini ya ng'ombe. Ini la kuku mmoja, moyo wake na firigisi vyatosha watoto watatu. Dagaa wapo sokoni hata mbali na bahari, iwe wa pwani au wa ziwani. Utumbo uliosafishwa vizuri na kuchemshwa sana, wenye nazi au karanga, ni kitoweo cha haki, hata kama jirani anaucheka.

Sita, kile cha dukani kisiwe adui, ila kisiwe bwana. Biskuti siku ya sikukuu haimuui mtoto. Biskuti kila asubuhi mahali pa chakula humwibia nafasi tumboni, naye akifika mezani hana njaa, nasi tukasema “hapendi.”

NENO KWA AKINA BABA

Akina mama husikia mafundisho haya kila mara kliniki. Akina baba hatuendi kliniki. Lakini katika nyumba nyingi jambo lenyewe liko mikononi mwetu, kwa maana mke hawezi kumpa mtoto firigisi ambayo desturi imesema ni ya mumewe. Akimpa, ameiba. Mume akisema, “Wape watoto,” desturi imebadilika siku ile ile, bila mkutano wala sheria, na heshima yake haikupungua hata kidogo. Yule mvuvi wa Mafia hakupungua. Mimi niliona watoto wake wanavyomtazama.

Kabla sijaondoka nilipita tena nyumbani kwake kuaga. Alikuwa ameketi na wanawe mchana, sinia katikati, ugali na dagaa wa nazi. Yule mdogo alikuwa akiwachukua dagaa mmoja mmoja kwa mkia, akiwahesabu kwa sauti, akimeza mmoja kila hesabu. Alifika sita, akaruka saba, akaenda nane. Baba yake hakumsahihisha. Alimsogezea sinia.

Basi, ndugu baba mwenye nyumba, sikukuu ijayo kuku atachinjwa kwako. Mkeo atakuletea firigisi na ini, kama ilivyo ada. Usivikatae, maana utamwudhi. Vipokee, umshukuru, kisha waite watoto, uvigawe kwa mkono wako mwenyewe, nao wakuone.